Picha za wanaume wenye huzuni na ugonjwa usioonekana

INGIA katika sebule yoyote kati ya Keroka na Ogembo, au kutoka Nyamira mjini hadi Nyansiongo, kisha utazame ukutani. Juu ya kochi lililofunikwa vitambaa vya kufuma utaiona picha ya mwenye boma. Amesimama wima, au ameketi mikono magotini, suti imefungwa vifungo vyote, macho yanaitazama kamera bila kupepesa. Hacheki wala hanuni. Huenda ilipigwa miaka thelathini iliyopita katika studio mjini Kisii, mbele ya pazia lililochorwa maua au ndege iliyo angani, na mpigapicha alimwambia maneno yale yale aliyomwambia kila mwanamume aliyeingia pale: inua kidevu, nyoosha mabega, usitikisike.

Sasa itafute katika nyumba hiyo hiyo picha ya mtu huyo akiwa mnyonge. Huenda ipo, lakini haiko ukutani. Imo katika albamu ya mazishi, chini ya sanduku, na hakuna anayeifungua mgeni akija.

Msomaji atauliza picha zimeingiaje katika ukurasa wa afya. Zimeingia kwa sababu moja. Ugonjwa wa huzuni kwa wanaume hupita mbele ya macho ya mke, ndugu, mwajiri na hata daktari bila kutambuliwa, kwa kuwa kila mmoja anangoja kuona machozi, na machozi hayaji. Wasanii wa kamera, na kabla yao wachongaji, wamelitazama jambo hili kwa muda mrefu. Wanachokijua kinaweza kumsaidia mtu wa nyumbani kuona mapema.

Sonona

Ugonjwa huu, ambao siku hizi huitwa sonona, si huzuni ya kawaida ya mtu aliyefiwa au aliyefutwa kazi. Huzuni ya kawaida huja na kuondoka. Mtu hulia asubuhi, na jioni akacheka mzaha wa shemeji yake. Sonona hukaa. Daktari huanza kuishuku mtu anapokuwa na moyo mzito, au anapopoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi, na pamoja na hayo usingizi ukabadilika, chakula kikakosa ladha, mwili ukachoka bila kazi, mawazo yakashindwa kutulia, au akaanza kujiona hana faida kwa mtu yeyote.

Kwa mwanamume dalili hizi mara nyingi huja zimejifunika. Badala ya kusema ana huzuni atasema mgongo unauma, kichwa kinagonga, tumbo halitulii. Atakuwa mkali kwa watoto kwa jambo dogo kama kikombe kilichovunjika. Atachelewa kurudi, na akirudi ananuka pombe. Ataendesha pikipiki kama mtu anayefukuzwa. Mke atasema mume amebadilika tabia, majirani watanong'ona kuwa amerogwa, na mkubwa wake kazini atasema ni mvivu. Naye atameza dawa za malaria mara tatu kwa mwaka, hata kama kipimo hakikuonyesha malaria.

Mwisho wa njia hii waweza kuwa mbaya sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hujiua kila mwaka ulimwenguni, na kiwango cha wanaume ni zaidi ya maradufu ya kile cha wanawake. Hapa Kenya, jopo la kitaifa lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa.

Katika nchi ya Abagusii kuna mzigo wa ziada ambao kila mtu anaujua ingawa hauandikwi katika kadi ya hospitali. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Kisii ina watu zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba, na karibu wote wanategemea shamba kwa namna moja au nyingine. Babu alikuwa na ekari nyingi, baba akagawiwa chache, mwana akabaki na kipande cha migomba na mistari michache ya majani chai. Bado anatarajiwa ajenge, alipe karo, achangie kila mazishi na kila arusi, na asionekane ameshindwa. Mwanamume wa namna hiyo haendi kliniki kusema moyo wake umechoka.

Mabega

Yale mabega yaliyonyooka katika picha ya ukutani yana historia. Mtaalamu wa mila kutoka Marekani, Robert LeVine, aliyefanya utafiti miongoni mwa Abagusii kati ya 1955 na 1957, alieleza tohara ya wavulana ilivyokuwa. Kijana alipelekwa alfajiri, akasimama wima huku ameegemea mti, na nyuma yake wakubwa zake wakampigia kelele na vitisho ili asithubutu kulia wala kukimbia. Aliyetikisika aliaibisha ukoo mzima. Siku hizi wengi hupelekwa hospitalini wakati wa likizo ya Disemba na kuchomwa sindano ya ganzi. Hata hivyo, nyimbo bado huimbwa njiani wakirudishwa nyumbani, na swali bado ni lile lile: alijikaza?

Nisieleweke vibaya. Tohara haileti sonona. Mataifa yasiyotahiri yana wagonjwa wa huzuni tele. Jambo la kuangaliwa ni umri. Wataalamu wa machozi wanasema wavulana na wasichana hulia karibu sawa wangali wadogo, na tofauti huanza kuonekana kwenye miaka kama 11 hivi, mwili unapoanza kupevuka na jamii inapoanza kudai. Kwa Abagusii madai hayo humfikia mvulana akiwa katika umri huo huo au hata kabla, tena kwa sherehe, mbele ya watu. Katika miaka ya 1980 mtafiti wa Marekani, William Frey, aliwaomba watu waweke hesabu ya kila walipolia. Wanawake walilia zaidi ya mara tano kwa mwezi kwa wastani, wanaume zaidi kidogo ya mara moja. Na hao ni Wamarekani, ambao wengi wetu huwadhani wepesi wa kulia.

Je, kulia kunatibu? Watu wengi huamini hivyo, na wauza vitabu vya ushauri huamini zaidi. Mwaka 2008 watafiti Rottenberg, Bylsma na Vingerhoets walichapisha matokeo ya uchunguzi wa zaidi ya visa 3,000 vya kulia kutoka nchi nyingi. Wengi walisema walipata nafuu. Lakini karibu theluthi hawakuona tofauti, na kama mmoja kati ya kumi alijisikia vibaya kuliko kabla. Aliyepata wa kumfariji alielekea kupata nafuu, ilhali aliyeona haya kwa kulia hakufaidika. Kwa hiyo machozi peke yake si dawa. Yanategemea ni nani aliye karibu.

Machozi ya waigizaji

Katika upigaji picha wa kisanaa, kazi inayotajwa zaidi kuhusu jambo hili ni ya Mwingereza Sam Taylor-Wood, ambaye sasa huitwa Sam Taylor-Johnson. Kati ya 2002 na 2004 aliwaomba waigizaji maarufu wa filamu, wote wanaume, walie mbele ya kamera yake. Walikubali Paul Newman, Laurence Fishburne, Daniel Craig, Forest Whitaker (yule aliyekuja kuigiza Idi Amin), Robin Williams na wengine wengi. Picha hizo zilikusanywa katika kitabu mwaka 2004. Wengine wamefunika uso kwa kiganja, wengine wametazama kando. Mtazamaji husimama mbele ya nyuso anazozijua kutoka sinema za mapigano na huona haya kana kwamba amefungua mlango bila kubisha hodi.

Mwandishi huyu anaipenda kazi hiyo lakini ana shaka nayo kama somo la afya. Waigizaji hulipwa kulia. Katika filamu chozi hutolewa hata kwa tone la gliserini. Msanii mwenyewe hakuficha hilo. Swali la kama machozi yale ni ya kweli ni sehemu ya mchezo wake. Mtu anayeitazama ili ajifunze kumtambua ndugu aliye mgonjwa atajifunza dalili isiyofaa. Ataanza kutafuta chozi.

Tazama kisa cha Robin Williams. Aliliwa na kamera mwaka hadi mwaka, alichekesha dunia, na Taylor-Wood alimpiga picha akilia kwa ustadi. Alijiua Agosti 2014, na uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa ubongo wake ulikuwa umeshambuliwa na maradhi yaitwayo Lewy, ambayo huleta hofu, kuchanganyikiwa na huzuni nzito. Alikuwa akitibiwa, lakini ugonjwa huo wenyewe haukujulikana hadi alipofariki. Picha haikuwa kipimo. Hata kamera nzuri haiwezi kuwa kipimo.

Kazi ninayoiona kuwa ya karibu zaidi na ukweli wa sonona ni ya zamani kidogo. Mholanzi Bas Jan Ader alijipiga filamu na picha mwaka 1970 na 1971 akilia mfululizo, na akawatumia marafiki postikadi yenye picha hiyo, ikiwa na maneno yenye maana kwamba ana huzuni kupita kiasi cha kuweza kueleza. Hakutoa sababu wakati ule wala baadaye. Watu waliudhika, kwa sababu tumezoea huzuni iwe na sababu: amefiwa, ameibiwa, ameachwa. Mgonjwa wa sonona mara nyingi hana sababu ya kutoa. Ukimuuliza una nini atakujibu sina kitu, na hasemi uongo.

Jiwe la Tabaka

Hapa kwetu sanaa ilikwisha kulishika jambo hili bila kamera. Tabaka, katika South Mugirango, ndiko yatokako mawe laini ya Kisii, yale ambayo wengine huyaita mawe ya sabuni. Wanaume huchonga, na wanawake husugua kwa msasa na maji hadi jiwe ling'ae. Elkana Ong'esa, mchongaji mashuhuri wa huko, ana kazi yake katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Lakini kwa somo letu tusiende mbali. Simama tu kwenye kibanda chochote cha barabarani. Kando ya viboko, sahani na bao la sataranji kuna sanamu ya mtu aliyeketi, magoti juu, mikono imezunguka miguu, kichwa kimezama magotini. Watalii huliita jiwe hilo mtu mwenye mawazo na hulinunua kwa wingi.

Litazame vizuri. Sanamu hiyo mara nyingi haina macho wala mdomo. Haina chozi. Mchongaji amesema yote kwa mgongo, shingo na mikono, na hakuna anayekosea maana. Daktari wa akili anayeijua kazi yake hutazama vitu hivyo hivyo mgonjwa akiingia mlangoni, kabla hajaulizwa neno: mwendo umepungua, mabega yameanguka, mikono haina kazi au inajisugua, sauti imeshuka, jibu linachelewa.

Hata usoni, wenye maarifa hawaanzi na macho. Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia, alitumia picha kutafuta alama za majonzi. Alizitaja misuli midogo inayoinua ncha za ndani za nyusi na kukunja paji la uso katikati. Baadaye madaktari wa Ulaya waliuita mkunjo huo kwa jina la herufi ya Kigiriki, omega, kwa jinsi unavyofanana nayo. Ni mkunjo ambao mtu hawezi kuuigiza kwa urahisi, na wala hawezi kuuficha kwa kusema niko sawa.

Wapigapicha wazuri wa sanaa wameufuata mgongo kuliko jicho. Humweka mtu karibu na dirisha ili nuru ije upande mmoja. Humwacha muda mrefu hadi asahau kukaza mwili, kwa sababu mtu huweza kushikilia pozi kwa dakika moja au mbili tu. Baadaye mabega hurudi mahali pake pa kweli. Hupiga picha ya mikono peke yake. Mpigapicha wa studio aliyekuwa akisema nyoosha mabega alikuwa akiifuta dalili yenyewe kabla hajabonyeza kitufe.

Mwafrika aliyelifikisha jambo hili mbali ni Samuel Fosso, aliyezaliwa Kamerun mwaka 1962 na kufungua studio yake mjini Bangui akiwa na umri wa miaka 13 tu. Mchana alipiga picha za wateja. Kipande cha filamu kilichobaki alijipiga mwenyewe. Mwaka 1997 rafiki na jirani yake aliuawa usiku na watu wenye silaha. Mwaka 2000 Fosso alirudi kwenye usiku ule kwa kamera: yeye mwenyewe, hana nguo, peke yake ndani ya nyumba gizani. Si picha za kulia. Ni picha za mwanamume mzima aliyeogopa, na ambaye hakuweza kumwokoa jirani yake. Ni wanaume wangapi waliokimbia makwao katika Bonde la Ufa mwanzoni mwa 2008 wangeweza kukiri hivyo mbele ya watoto wao?

Chinsoni

Hapa msomaji wa Kisii au Nyamira atakuwa na pingamizi, na ni pingamizi lenye nguvu. Atasema mambo haya ni chinsoni. Neno hilo la Ekegusii hutafsiriwa haya au aibu, lakini ni zaidi ya hapo. Ni mpango wa heshima unaoamua nani anaweza kumwona nani katika hali gani. Baba na mwana hawaogi pamoja. Mwana aliyetahiriwa haingii chumba cha kulala cha baba yake. Mambo ya ndani hayasemwi mbele ya kizazi kilicho jirani. Lakini babu na mjukuu hutaniana bila mipaka, na watu wa rika moja huambiana mambo ambayo wazazi wao hawatayasikia maishani.

Wageni wengi huona mila hii kama ukuta wa kuzuia hisia. Sioni hivyo. Chinsoni haimkatazi mwanamume kuwa na huzuni. Inamwambia aipeleke wapi. Ilikuwa na milango: babu, rika, na obokano, ile zeze kubwa ya nyuzi nane ambayo mwanamume angeweza kuketi nayo akayaimba majonzi ambayo asingeyasema. Shida ya leo ni kwamba milango imefungwa mmoja baada ya mwingine. Babu amefariki au yuko kijijini. Rika limetawanyika Nairobi, Nakuru na Qatar. Kilichobaki ni mke, ambaye mwanamume hataki kumtia hofu, na daktari, ambaye ni mgeni.

Basi picha inaingiaje? Inaingia kwa hatari. Kamera haijui chinsoni. Uso uliokusudiwa kuonwa na mtu mmoja unaweza kuonwa na ukoo mzima, hasa sasa ambapo kila kijana ana simu. Mazishi ndiyo yanayoonyesha hili waziwazi. Wanawake huomboleza kwa sauti, na hakuna anayewashangaa. Wanaume hupewa kazi: kuchimba kaburi, kupiga hema, kuhesabu michango, kuelekeza magari. Halafu mpigapicha hupanga safu mbele ya jeneza, wakwe, wajukuu, wafanyakazi wenza, na katika sekunde ambazo ndugu wa marehemu amesahau kazi yake na uso ukamporomoka, kamera hulia. Kuna albamu za namna hii katika nyumba nyingi sana za kaunti hizi mbili, na pengine ndizo picha za kweli kuliko zote za huzuni ya wanaume wetu. Hakuna aliyeulizwa kama anakubali.

Ulinganishe na Picha Mtaani, maonyesho yaliyoanzishwa na mpigapicha Boniface Mwangi mwaka 2009. Yalikuwa picha za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zile ambazo huku kwetu watu wanazikumbuka kwa jina la Chepilat, mpakani mwa Borabu na Sotik. Picha hizo zilisimamishwa barabarani, katika miji mbalimbali, mtu yeyote akatazama bila malipo. Waandaaji walijua zingemchoma mtu, hivyo palikuwa na mahema ya kutafakari na washauri wa kuzungumza na aliyezidiwa. Huo ulikuwa uganga mzuri, kwani hawakumfungua mtu jeraha wakamwacha. Mwangi mwenyewe ameeleza hadharani jinsi mambo aliyoyapiga picha yalivyomsumbua akili baadaye. Filamu ya 2020 kuhusu maisha yake, iliyoongozwa na Sam Soko, imepewa jina lake la utani la utotoni, Softie, yaani laini. Lililokuwa tusi la shuleni likawa kichwa cha filamu.

Madaktari na washauri nao wameitumia kamera kwa makusudi. Kule Uingereza, Dkt Hugh Diamond aliwapiga picha wagonjwa wa akili wa hospitali ya Surrey katika miaka ya 1850 na kuwaonyesha picha zao, akiamini zitawasaidia kujitambua. Siku hizo hapakuwa na habari ya ridhaa. Mtindo wa sasa, ulioelezwa na mshauri Judy Weiser wa Canada katika miaka ya 1990 na hata kabla, haumpigi mgonjwa picha kwanza. Mgonjwa huombwa alete picha zake mwenyewe, na mazungumzo huanzia hapo. Kwa mwanamume aliyefunzwa kutosema, ni rahisi kuzungumza juu ya yule kijana aliye katika picha ya 1995 kuliko kuzungumza juu yake mwenyewe.

Nyumbani

Jambo hili unaweza kulianza bila mshauri. Chukua albamu, au simu yenye picha za miaka mitano, umtazame ndugu au mume unayemhofia. Usitafute chozi. Tazama amesimama wapi: zamani alikuwa katikati, sasa yuko pembeni, au ndiye anayepiga picha kila mara ili asiwemo. Tazama ukosi wa shati, kama shingo imepwaya. Tazama nyusi huku mdomo ukitabasamu. Tazama mikono. Hesabu sherehe ambazo hayumo kabisa. Hayo si uthibitisho wa ugonjwa. Mtu hukonda kwa kisukari, kifua kikuu na mengine mengi, na ndiyo sababu ya kumpeleka akapimwe mwili mzima. Lakini ni sababu ya kuuliza.

Uliza mkiwa wawili, mkifanya kazi fulani, kama kupogoa migomba au kusafiri katika matatu, ambapo hamtazamani macho kwa macho. Usiulize mbona umebadilika, maana hayo ni mashtaka. Mwambie ulichokiona: naona siku hizi hulali, naona huji tena kanisani. Na ukitaka kujua kama ana wazo la kujiua, muulize waziwazi. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Wataalamu wamelisema hili mara nyingi, na watu bado hawaliamini. Akikubali kwamba analo, usimwache peke yake, ondoa dawa za mashambani na kamba mahali anapoweza kuzifikia, na umpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

Wengi walikuwa wakiogopa hatua hiyo kwa sababu ya polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na jamaa walificha au walisema mgonjwa alikunywa dawa ya ng'ombe kwa bahati mbaya, jambo lililomnyima daktari habari aliyoihitaji. Mnamo Januari 9, 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kifungu hicho kuwa kinakiuka Katiba. Mweleze daktari ukweli.

Sonona hutibika. Wengi hupata nafuu kwa mazungumzo na mshauri, kwa vidonge, au kwa vyote viwili. Vidonge huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha faida kamili, na hapo ndipo wanaume wengi huviacha wakidhani havifanyi kazi. Visiachwe ghafla bila daktari kujua. Pombe huvipunguzia nguvu na huzidisha huzuni yenyewe kesho yake asubuhi. Pa kuanzia ni kliniki ya wagonjwa wa nje, iwe Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, ile ya kaunti mjini Nyamira, au kituo kilicho karibu, ambako mtu huulizia huduma ya afya ya akili. Asiyetaka kuonekana kwenye foleni anaweza kupiga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, akazungumza na mshauri asiyemwona uso.

Kama ni wewe unayekwenda, na unajua kwamba ukifika mbele ya daktari utasema ni mgongo tu, beba picha mbili mfukoni: moja ya siku ulizokuwa mzima, nyingine ya mwaka huu. Ziweke mezani, umwache azitazame.